Rule 1100 ya volti 12: pampu nzuri, lakini itazame inavyofungwa

Kwa boti ya faiba ya futi 18 hadi 24 inayolala majini Tudor au Mtwapa, Rule 1100, pampu ya kutoa maji ngamani (chini kabisa ndani ya boti), inatosha, mradi ujue inatosha kwa kazi gani. Hiyo 1100 ni galoni za Marekani kwa saa, yaani lita 4,160 hivi, tena zimepimwa paipu ikiwa haipandi popote. Ukiitaka inyanyue maji mita moja kupitia paipu yenye makunyanzi, tarajia kama nusu. Tundu la milimita 25, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 3,000 kwa saa. Kwa hiyo hii ni pampu ya mvua za masika na maji yanayopenya kwenye shafti ya propela. Boti ikitoboka, tafuta kizibo, na ndoo ya kutolea maji isikosekane chomboni.

Ile ya kawaida huwashwa na boya, yaani swichi inayoinuliwa na maji, linalouzwa kando. Ipo pia inayojiwasha kila dakika 2 na nusu kuonja kama ngama ina maji. Hizo ni mara 576 kwa siku, na kwa boti inayolala wiki nzima bila mtu, zinaidokoa betri. Sisi tunapendelea boya: liinue kwa kidole, utajua papo hapo kama umeme unafika.

Pampu ina waya mbili, kahawia chanya na nyeusi hasi. Chanya itoke betrini kabla ya swichi kuu, ipite kwenye fyuzi isiyozidi sentimita 18 kutoka betri, iende kwenye boya, kisha iungwe na kahawia. Swichi ya mkono iwe na njia yake inayoruka boya. Fundi akichukua umeme baada ya swichi kuu, ukizima boti jioni umezima na pampu. Hakuna kosa baya kuliko hilo, na halionekani mpaka mvua inyeshe usiku.

Fyuzi ifuate amp zilizoandikwa kwenye pampu yenyewe. Uzi wa nyavu ukikaba impela, yaani panga la ndani linalosukuma maji, mota huvuta umeme mwingi. Fyuzi kubwa haikatiki, waya ndio unaochemka. Kwa umbali wa mita 6 tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, milimita mraba 2.5. Maungio yakae juu ya maji yanapoweza kufika, yabanwe kwa koleo lake na kufunikwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi. Tepu ya umeme, hapana: chumvi hupanda ndani ya waya, shaba inageuka kijani, na pampu inachoka bila sababu ya kuonekana.

Ukizigeuza waya, chanya ikakaa mahali pa hasi, impela huzunguka kinyume. Itanguruma vizuri tu, ila maji yatatoka kama ya birika.

Paipu iwe ya inchi 1⅛, laini ndani, ipande moja kwa moja. Ikilegea katikati hushika maji, hewa inanaswa nyuma yake, pampu inazunguka bure. Tundu la kutokea liwe sentimita 30 au zaidi juu ya usawa wa bahari.

Kichujio kinang'oka kwa kubonyeza pembeni. Kitoe magamba ya samaki kila wiki. Oili ikivuja, ifyonze kwa matambara kwanza, kwani boya halijui oili na maji, litaimwaga yote baharini. Kisha mimina ndoo mbili ngamani, swichi kuu ikiwa imezimwa, usubiri pampu iwake na izime yenyewe.