Mkanda wa milimita 16 wa "The Great Train Robbery"

Nilipofungua kopo, pua ilipata habari kabla ya macho: harufu ya siki. Kwa mkusanyaji wa mikanda ya kale, hiyo ndiyo dalili kwamba asetati, yaani plastiki iliyotengenezewa mkanda, imeanza kuoza, na mkanda ulioanza kuoza hauponi. Huweza tu kucheleweshwa kwa kuhifadhiwa mahali pakavu penye baridi. Muuzaji, aliyenihakikishia kwamba nakala ni safi kabisa, hakulitaja hilo hata kidogo.

Hata hivyo sikuirudisha. Edwin S. Porter aliitengeneza filamu hii mwaka 1903 kwa ajili ya kampuni ya Thomas Edison, na mandhari yake ya Magharibi mwa Marekani kwa kweli ni ya New Jersey, upande wa mashariki. Waliolelewa na picha za koboi watamtafuta steringi wasimwone, kwa kuwa hapa kuna majambazi na wanaowafukuza tu, huku G. M. Anderson, ambaye baadaye alivuma kwa jina la Broncho Billy, akiigiza zaidi ya mtu mmoja, akiwemo abiria anayepigwa risasi ya mgongoni.

Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba projekta yake inabadilishwa kasi. Kwa picha 24 kwa sekunde filamu yote hukimbia kwa dakika 8 hivi, na wizi wa treni hugeuka kichekesho. Nilipoipunguza hadi picha 18, ikafika dakika 11 na farasi wakaanza kuwa na uzito.

Pale mwigizaji Justus D. Barnes anapomwelekezea mtazamaji bastola na kufyatua, picha ambayo wenye kumbi waliruhusiwa kuiweka mwanzoni au mwishoni, nakala hii imeiweka mwishoni, na kiungo cha gundi kinachoshikanisha vipande viwili vya mkanda kinaruka kidogo kinapopita mbele ya lenzi. Moshi wake ni wa kijivu, ilhali katika baadhi ya nakala za zamani moshi na magauni ya wachezaji dansi vilipakwa rangi kwa mkono.

Anayetaka hadithi tu asitoe fedha, maana Maktaba ya Bunge la Marekani huionyesha bure mtandaoni. Mimi nilinunua mkanda wenyewe, mikwaruzo yake na kile kiungo. Kopo nimelitenga na mengine, kwa sababu mvuke wa siki huambukiza mikanda mizima iliyo jirani.