TAHADHARI: muuza saa za ukutani za "Arne Jacobsen" hapa Copenhagen

Jamani, yule muuza saa wa mtaa wa Nørrebro mnayemjua, anayekuja na begi lake kila shughuli ya jumuiya yetu, ni TAPELI. Amekula kroner 1,400 kwa saa feki ya Bankers, ile saa ya ukutani iliyochorwa na Arne Jacobsen, mbunifu wa Denmark, na saa yenyewe ikaja kuumbuka ukutani ofisini, wageni wamekaa wanaitazama. Aibu kubwa!

Sikilizeni anavyofanya. Saa anailaza mezani, uso juu, betri imo tayari. Inagonga vizuri. Anakuachia uisikilize, anakunywa chai taratibu, hana haraka kabisa. Kumbe saa ikilala chali mishale haina uzito wa kupandisha, hata mashine mbovu inaisukuma. Ikitundikwa, mshale wa dakika lazima upande kutoka chini kwenda juu, na mzigo mkubwa zaidi uko kwenye dakika ya 45. Hapo ndipo ilipokwama, inatikisika palepale bila kusogea. Ikawekwa betri mpya ya AA, alkali ya volti 1.5, ikakwama tena palepale. Ukiilaza, inatembea. Huyu mtu anajua anachokifanya, ndiyo maana haitundiki mbele ya mteja hata siku moja!

Na angekataliwaje? Historia anaijua: kwamba Jacobsen aliichora kwa ajili ya Benki Kuu ya Denmark, mwaka 1971. Anakuonyesha hata kidoti chekundu cha katikati. Amewatengenezea wazee wetu humu saa zao, hela ndogo tu, zikapona. Halafu akatoa karatasi, eti ni hati ya benki, ina saini ya Jacobsen ya mwaka 1974. Jacobsen alifariki Machi 1971! Jengo lenyewe la benki lilikamilishwa 1978 na Hans Dissing na Otto Weitling. Karatasi ile ni ya kughushi, na kughushi ni jinai.

Arudishe hela zote, na za wengine aliowauzia. Viongozi wa jumuiya wasimruhusu tena kuweka meza. Aliyeuziwa akaripoti polisi (kama ni utapeli wa mtandaoni, taarifa zinapokelewa politi.dk, tovuti ya polisi), na picha za ujumbe wake msizifute. Msitegemee zile siku 14 za kurudisha bidhaa, hizo ni za kununua kwa mfanyabiashara, mtandaoni au nje ya duka lake, na yeye atasema aliuza kama mtu binafsi.

Kama bado mnataka Bankers: kila alama ya saa kwenye uso ina vijimraba 12, kimoja tu cheusi, na hicho cheusi kinasogea hatua moja kila saa hadi weusi unazunguka kama kamba iliyoviringwa. Ya kwake imeruka hatua pembeni kulia, na wino umevuja. Fremu halisi ni alumini, sumaku haishiki. Kioo ni kioo kweli, baridi ukigusa, si plastiki. Saa sita kamili mishale ilaliane, saa kumi na mbili iwe mstari mmoja. Chungulieni chumba cha betri, ukoko mweupe au wa kijani ni dalili ya betri iliyovuja.

Na itundikwe ukutani muuzaji akiwepo, muanzie dakika ya 35, msimpe hata kroner moja mpaka ipite saa kamili. Akikataa, ondokeni. Huyu wa Nørrebro msimpe hata hiyo nafasi, ashtakiwe.