Huduma ya kupunguza joto la paa Tanga: kazi ni nzuri, hesabu ya mkopo irekebishwe

Nyumba nyingi za Tanga zimeezekwa kwa bati tupu juu ya dari nyembamba, na kwa kuwa mji uko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba huwa juu ya paa barabara. Kwa sababu hiyo joto linalowatesa watu wa nyumba hizi, hasa wakati wa kaskazi, huingia kutoka juu zaidi kuliko ukutani. Karakana ya mafundi iliyopo Ngamiani, inayofanya kazi za kupunguza joto la paa na matumizi ya umeme majumbani, imelielewa jambo hili vizuri. Ninaeleza hapa kazi waliyoifanya katika nyumba ya mama yetu mkubwa, Makorora, pamoja na mpango wao wa malipo, ambao sikuridhika nao.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu inastahili sifa. Fundi mkuu hakutaja bei yoyote kabla ya kupanda darini na kukagua kenchi, misumari na mabati moja baada ya jingine. Alipomaliza alimweleza mama mkubwa, kwa adabu na kwa lugha ya kueleweka, kwamba foili ya kuakisi joto haifanyi kazi kwa kubandikwa tu chini ya bati. Ikigusana na bati lenye moto, joto hupita moja kwa moja kama linavyopita kwenye sufuria. Lazima pabaki nafasi ya hewa, na upande unaong'aa utazame chini ili vumbi lisitue juu yake na kuua mng'ao. Walipigilia foili chini ya mbao za kenchi, wakaacha mwanya kwenye kilele cha paa, kisha wakatoboa matundu ya hewa chini ya mapaa pande zote mbili na kuyafunika kwa wavu ili popo na panya wasiingie. Misumari yote waliyotumia ilikuwa ya kuzuia kutu, jambo la lazima katika mji unaopigwa na upepo wa chumvi. Nimeona mafundi wengine wakiziba darini kote bila kuacha tundu hata moja, na joto likabaki limefungiwa humo hadi usiku wa manane.

Matokeo yake yanaonekana. Saa nane mchana, wakati ambao zamani mama mkubwa alilazimika kuhamia barazani, sasa anapumzika chumbani kwake na pangaboi likizunguka polepole. Katika miezi ya mvua za masika tofauti ni ndogo, kwa kuwa taabu ya wakati huo ni unyevu, na foili haiondoi unyevu.

Kasoro iko kwenye mpango wa malipo. Kazi nzima, pamoja na kubadilisha dari ya chumba kimoja, ilikadiriwa kuwa shilingi 1,200,000, na mteja asiye na fedha taslimu huambiwa kwamba anaweza kulipa kwa mafungu ya miezi 12 kwa sababu akiba ya LUKU itamsaidia kulipa. Maelezo hayo si sahihi kwa familia nyingi. Pangaboi la wati 70 likifanya kazi saa 8 hutumia uniti 0.56, yaani uniti 16.8 kwa siku 30. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hata ukilizima kabisa utaokoa takriban shilingi 4,900 kwa mwezi. Mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kwa hiyo ataokoa shilingi 1,680 tu. Mwenye kiyoyozi hesabu yake ni nyingine, kwani kinachovuta wati 1,000 kwa saa 5 mfululizo hula uniti 5 kila usiku, na hapo paa lililotengenezwa vizuri hupunguza gharama inayohisika. Asiye na kiyoyozi aambiwe wazi kwamba ananunua ubaridi na usingizi. Ni mambo yenye thamani kubwa, hasa kwa mzee au mtoto mchanga, lakini hayalipi mkopo.

Zaidi ya hayo, riba yao ya asilimia 2 kwa mwezi hukokotolewa juu ya deni lote la mwanzo hadi fungu la mwisho. Mteja hulipa shilingi 124,000 kila mwezi, na riba yote inafika 288,000. Asilimia hiyo hiyo ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, fungu lingekuwa takriban 113,500 na riba yote isingezidi 162,000. Tuliulizia hilo, na jibu lilikuwa kwamba wateja wote hulipa hivyo. Sisi ndugu tulichanga, tukamaliza deni kwa taslimu. Asiye na uwezo huo ni bora aulize kwanza riba ya SACCOS au kikoba chake.

Ingefaa pia karakana iwaanzishe wateja na vitu vinavyorudisha fedha haraka. Balbu moja ya wati 60 ikibadilishwa kwa ya LED ya wati 9, na kuwaka saa 5 kila usiku, huokoa uniti 7.65 kwa mwezi, sawa na shilingi 2,200 hivi, na bei ya balbu hurudi upesi. Mpira wa mlango wa friji ukichakaa nao ubadilishwe. Wanafanya kazi hizo zote, ila huzitaja mwishoni, mteja akiwa ameshatia sahihi.

Dhamana yao ya maandishi ni ya miaka 2 kwa foili na matundu, na haihusu mabati ya zamani yanayovuja. Mwenye bati lililotoboka alizibe kwanza kabla ya kuwaita.