Skrini Ipi Inafaa kwa Michezo ya Kompyuta za Zamani? Mwongozo wa Mnunuzi

Mtu anayetafuta skrini ya kuchezea michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980 na 1990 aghalabu huanza kwa kuulizia inchi, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: mashine au programu atakayoitumia inatoa picha ya mistari mingapi, na inaichora mara ngapi kwa sekunde? Skrini ya kifahari isiyoelewana na mawimbi hayo itabaki giza, au itatoa picha iliyovutwa na inayokwamakwama, na mnunuzi ataishia kuulaumu mchezo wenyewe.

Tuchukue michezo ya DOS, mfumo ulioendesha kompyuta za PC kabla ya Windows kuenea. Baada ya IBM kuleta VGA, mfumo wa kupeleka picha kwenye skrini, mwaka 1987, mingi kati ya michezo hiyo ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200. Kadi ya VGA huuchora kila mstari mara mbili ili ipatikane mistari 400, kisha huipeleka picha kwenye skrini mara 70 kwa sekunde. Doom, mchezo wa mwaka 1993, ulijengwa juu ya hesabu hiyohiyo, kwani husogea kwa hatua 35 kila sekunde, yaani nusu kamili ya 70. Tena, pikseli zile hazikuwa za mraba: kwa kuwa skrini za wakati huo zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake kwa sehemu moja ya tano. Ukiionyesha picha hiyo leo bila kuirekebisha, askari wote wanakuwa mbilikimo wanene, na gurudumu linakuwa yai lililolala.

Orodha ifuatayo nimeipanga kwa ajili ya mchezaji wa michezo ya DOS ambaye mara mojamoja hugusa mashine nyingine za enzi hizo.

Nafasi ya kwanza naipa skrini ya kompyuta ya kichogo, ile nene ya bomba la kioo, hasa ya inchi 17. Haina idadi moja ya pikseli iliyofungwa nayo, hivyo mistari 400 au 600 kwake ni mamoja. Hupokea mara 70 kwa sekunde bila kulalamika. Na picha hufika machoni bila kucheleweshwa. Ugumu uko katika kupata iliyo nzima, kwa sababu karibu zote zimeshatumika kwa miaka mingi. Usiridhike kuiona ikiwaka tu. Iache ipate joto kwa nusu saa, kisha fungua ukurasa mweupe wenye maandishi madogo na usome herufi za pembeni: zikiwa na ukungu ilhali za katikati zinasomeka vizuri, ulengaji umeharibika au umelegea. Picha hafifu hata mwanga ukiongezwa hadi mwisho ni dalili kwamba bomba limechoka, na hilo halina dawa rahisi. Kinyume chake, ukiona mstari mmoja au miwili myembamba sana ya kivuli ikikatiza kwa ulalo skrini ya Trinitron, aina ya bomba la kioo la Sony, usiikatae. Ni nyaya zinazoshikilia wavu wa ndani, na zimekuwapo tangu kiwandani. Jambo moja halina mjadala: usilifungue kasha lake hata kama umechomoa waya wa umeme, kwani ndani hubaki umeme unaoweza kufikia makumi ya maelfu ya volti.

Ya pili ni skrini bapa ya inchi 20 yenye pikseli 1600 kwa 1200, ambayo wengi huipita bila kuitazama. Zidisha 320 mara tano, upate 1600. Zidisha 200 mara sita, upate 1200. Kila pikseli ya mchezo inageuka kuwa tofali lenye upana wa pikseli tano na urefu wa sita, yaani umbo lile aliloliona mchoraji, bila mstari kubahatishwa wala ukingo mweusi kubaki. Mimi niliamini nilipoweka kioo cha kukuzia juu ya uso wa mhusika mmoja na kuona matofali yote yakilingana. Hata hivyo, nyingi kati ya skrini hizi huchora mara 60 tu, na hivyo katika kila picha saba zinazotumwa kwa kasi ya 70, moja hutupwa, jambo linaloonekana mandhari inaposogea kwa ulalo. Pia, ukiiunganisha kwa kebo ya VGA, inaweza kudhani kwamba imeletewa maandishi ya pikseli 720 kwa 400, kwa kuwa mpangilio wa mistari ni uleule, na matofali yakapoteza ulinganifu. Inang'ara zaidi pale mchezo unapoendeshwa na programu ya kuigiza mashine kongwe, kama DOSBox, na kupitia kebo ya kidijitali.

Ya tatu ni skrini mpya ya pikseli 2560 kwa 1440 inayoweza kufuata kasi ya mchezo badala ya kuulazimisha mchezo ufuate kasi yake. Kwa asiye na mashine halisi, wala nafasi mezani, hii ndiyo ningemshauri anunue kwanza, kwa kuwa hutii kasi ya 70 na ina pikseli za kutosha kuigiza mistari ya bomba la kioo. Zile za OLED, ambazo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, zina weusi wa kweli, lakini ubao wa alama usiosogea kwa saa nyingi unaweza kuacha kivuli cha kudumu.

Ya nne ni monita au runinga ya kichogo inayopokea mistari ya kHz 15, yaani takribani mistari 15,000 kwa sekunde, na hapa mpangilio wangu unaweza kupinduka. Kompyuta za Commodore 64 ya mwaka 1982 na Amiga ya mwaka 1985 hutoa mawimbi hayo, ambayo skrini nyingi za VGA, zinazoanzia takribani kHz 31, haziyatambui kabisa. Mwenye mashine hizo aanzie hapa, kwa mfano kwa monita ya Commodore 1084, na akumbuke kwamba mashine zilizouzwa Ulaya huchora mara 50 kwa sekunde. Mwenye masikio ya kijana atasikia mlio mwembamba. Ni mistari yenyewe inavyochorwa, wala si ubovu. Vigeuzi vya bei ndogo vya VGA kwenda HDMI havitamsaidia, kwani kwa kawaida havigusi idadi ya mistari.

Ya tano, skrini bapa za 1280 kwa 1024, zimejaa kila mahali, lakini uwiano wake ni 5 kwa 4. Picha sahihi ingehitaji mistari 960 tu, na nyingi hazina kitufe cha kuacha hiyo 64 iliyobaki iwe nyeusi. Huivuta picha ijae. Chukua ukipewa bure.

Runinga kubwa ya kisasa naiweka mwisho. Huchakata picha kabla ya kuionyesha, na kidole kinatangulia mruko wa mhusika. Hali ya michezo ikiwashwa hupunguza tatizo tu.

Ukiamua kuchukua ile ya kwanza, ibebe kioo kikielekea kifuani mwako, kwa sababu uzito karibu wote uko mbele, na mtafute wa kukufungulia mlango kabla hujaiinua.