Koili ya homoni kwa hedhi nzito: uzoefu wangu Nairobi

Mimi niliwekewa koili ya homoni, kifaa kidogo kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi, aina ya Mirena, kutibu hedhi nzito, wala si kupanga uzazi. Damu ilikuwa ikitoka mabonge, pedi inajaa ndani ya saa moja, na matatu ya Githurai hadi mjini ikawa mateso. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilishuka hadi 8. Hospitali ya kwanza waliniambia mfuko wa uzazi utolewe. Daktari wa pili alinipiga altrasaundi kwanza, akakuta hakuna uvimbe ndani ya mfuko, akapendekeza koili pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Dada, uliza ni koili gani! Ile ya shaba haina homoni na inaweza kuzidisha damu ya hedhi. Hii yangu ina homoni iitwayo levonojestreli, miligramu 52, inayotoka kidogo kidogo na kufanya utando wa mfuko uwe mwembamba.

Kuwekewa kulichukua dakika chache, bila kisu wala kulazwa. Tumbo lilikata vibaya, kwa hiyo omba dawa ya maumivu mapema na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Miezi ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. Damu ilipungua lakini ikawa ya matone matone, leo ipo, kesho haipo, kesho kutwa imerudi. Dada yangu alinisihi nikaitoe. Kilichonishikilia ni kwamba daktari alishanieleza hali hiyo inaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita, na kweli baadaye ikatulia. Siku hizi naona doa tu, na miezi mingine siioni kabisa. Mama alihofia damu chafu inajikusanya tumboni. Haijikusanyi, utando haujengeki, kwa hiyo hakuna cha kumwagika.

Nguvu zimenirudia. Napanda ngazi za soko la Gikomba na mzigo begani bila kuhema, na kwa hilo pekee ningeiweka tena.

Mwenye uvimbe uliochomoza ndani ya mfuko, koili inaweza kusukumwa nje. Huyo aulize kuhusu kuutoa kwa kamera inayopitia ukeni, au kuziba mishipa inayoulisha damu. Kuchoma utando ni kwa aliyemaliza kuzaa tu, maana mimba baada ya hapo ni hatari. Na ukiwa umepita miaka 45, kubali utando upimwe kabla ya lolote.