Reli ya kusogeza kamera katika kupiga picha za makombe: uzoefu wangu

Nilinunua reli hii, kifaa kinachobeba kamera na kuisogeza kidogo kidogo, kwa sababu ya sehemu moja tu ya kombe, yaani gamba la mnyama wa baharini lenye vipande viwili. Sehemu hiyo ni bawaba, mahali vipande hivyo vinapoungana. Mgongo wa kombe huvutia macho lakini hudanganya, kwa kuwa makombe mawili ya spishi moja yanaweza kupishana rangi kuliko makombe ya spishi mbili tofauti, na lililogaragazwa na mawimbi kwa muda mrefu huwa limekwisha kupauka. Ushahidi uko ndani: meno ya bawaba, alama za misuli, na mstari unaoachwa na vazi la mnyama (ngozi laini inayotanda ndani ya kombe), ambao kwa makombe ya familia ya Tellinidae huingia ndani kama ghuba kubwa, na kwa familia ya Lucinidae hauna ghuba kabisa.

Tatizo ni kwamba bawaba haikai bapa. Nikitumia lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) katika uwiano wa 1:1, yaani taswira ndani ya kamera ikilingana kwa ukubwa na kitu chenyewe, tundu la lenzi likiwa f/8, eneo linaloonekana vizuri halifiki milimita 1, ilhali kombe langu moja la familia ya Arcidae, lenye upana wa milimita 18, lina kina cha milimita 6 hivi. Awali nilikuwa nikibana tundu hadi f/22 ili kila kitu kiingie kwenye fokasi, na yale meno madogo yaliyopangana kama ya kitana yakawa yanafifia yote kwa pamoja. Kwa reli hii, mzunguko mmoja wa gurudumu husogeza kamera milimita 1. Nazungusha robo robo, napiga picha 24, kisha programu ya kompyuta inaziunganisha kuwa moja. Nilipolifungua kombe lile kwenye skrini kwa mara ya kwanza, katikati ya bawaba, mahali nilipodhani pana mfereji mtupu, palikuwa na meno membamba ambayo sikuwahi kuyahesabu.

Kasoro yake si ndogo. Kamera ikielekezwa chini moja kwa moja, skrubu ya kukazia haihimili uzito, na kamera huteremka taratibu bila wewe kujua. Nilipoteza jioni nzima nikilaumu programu, kwa kuwa kila jino lilitokea na pacha wake pembeni, hadi nilipoona kwamba picha za mwisho zilikuwa zimekaribiana kuliko inavyotakiwa. Siku hizi nalaza reli sambamba na meza na kusimamisha kombe mbele ya kitambaa cheusi cha mahameli. Taa moja naiweka chini upande wa kushoto ili kivuli kionyeshe mashimo ya meno. Kombe jeupe huihadaa kamera ikatoa picha ya kijivu, basi naongeza mwanga kwa hatua moja.

Reli haitambui kombe kwa niaba yako. Mwaka 2018 mtafiti wa viumbe wa baharini Jeff Goddard alipiga picha makombe mawili madogo yaliyo hai huko Naples Point, California, na picha zilimvutia mtaalamu wa makombe Paul Valentich-Scott, lakini hazikutosha. Ilibidi apatikane mnyama mwenyewe ndipo ikathibitika kuwa ni Cymatioa cooki, spishi iliyojulikana kwa visukuku tu tangu ilipoelezwa mwaka 1937. Ndiyo maana nami kila kombe nalipiga vipande vyote viwili, ndani na nje, pamoja na rula ya milimita, na kombe lenyewe silitupi wala silitenganishi na karatasi yake ya kumbukumbu.

Kwa anayekusanya Tellinidae nyembamba, reli itatumika mara chache, maana picha tatu au nne zilizopigwa kwa mkono makini zinatosha. Kwa Arcidae na kwa Spondylus, kombe ambalo meno yake mawili makubwa hukumbatiana na mashimo ya kipande cha pili, nisingerudi kupiga bila reli, hata hii yenye skrubu dhaifu.