Uzoefu wangu na ukumbi wa kumbukumbu ya vita, kijijini New Zealand

Kama uko New Zealand na unatafuta ukumbi wa shughuli, kabla hujakimbilia hoteli za mjini ulizia hizi War Memorial Hall za vijijini. Sisi tulifanyia sendofu ya mdogo wangu kwenye mojawapo, katikati ya mashamba ya kondoo. Jina linatisha, nilidhani ni makumbusho ya bunduki, kumbe ni ukumbi kamili, kuna jukwaa, sakafu ya mbao ya kuchezea mziki, chumba cha kulia pembeni na jiko kubwa lenye vyombo vya kutosha watu wote, na bei iko chini sana.

Sasa ukiingia tu unakutana na ubao wa majina ya vijana wa hapo waliokufa vita ya kwanza na ya pili ya dunia, na kuna ukoo una majina matatu yamefuatana, yaani inauma. Shangazi akagoma kidogo, eti tutapigaje vigelegele mbele ya marehemu? Mama mmoja wa kamati anayetunza ufunguo akamwambia ukumbi ulijengwa kwa ajili hiyo hiyo. Kwamba baada ya vita ya kwanza walijenga sana minara, ila ya pili ilipoisha serikali ikataka kumbukumbu ambayo watu wataitumia, ndo kuanzia 1946 ikawa wenyeji wakichanga pauni moja nayo inaongeza moja. Na wale waliokufa Gallipoli (kule Uturuki) au Ufaransa walizikwa huko huko, kwahiyo wazazi wengi hawakuwahi kuliona kaburi, walichobaki nacho ni jina pale ukutani. Shangazi akasoma majina yote moja moja ndo akaenda jikoni, na usiku alicheza kuliko wote.

Mabaya yapo. Sauti inagonga dari inarudi, MC akiongea haraka humsikii. Mtandao hakuna kabisa. Kubandika mapambo ukutani marufuku, na usafi mnafanya wenyewe mpaka kudeki, maana kamati ni watu wa kujitolea hawana mfanyakazi. Tarehe 25 Aprili hata usiulize, ni Anzac Day, siku yao ya kuwakumbuka hao askari.

Hita zilikuwepo ila ni za kujidanganya tu, so mwezi wa saba usithubutu, huku ndo baridi yenyewe. Desemba mpaka Machi nenda bila wasiwasi, ila wahi kubuku.